Sekunde 20 chini ya uzito wa mtu

Kwenye madojo, yaani kumbi za mazoezi ya judo, kuna kauli inayopendwa sana: aliyepitia shida hasumbuki kwenye tatami, ile mikeka ya kuangukia. Huambiwa wageni siku ya kwanza, hasa wanaokuja wakiwa watu wazima, wenye ndoa zilizovunjika, biashara zilizokufa, au wazazi waliowauguza mpaka mwisho. Wanaosema hivyo wana nia njema, na mgeni hufarijika. Lakini nimekaa kwenye judo muda wa kutosha kuwaona watu hao wakishikwa ukosi kwa mara ya kwanza, na ninachokiona ni kinyume. Wengi huja wamekakamaa. Mabega yamepanda, meno yameng'atana, pumzi imefungiwa kifuani. Wakishamshika mwenzao wananyoosha mikono yote miwili na kumsukuma mbali, kwa sababu maisha yamewazoesha kwamba kila kinachowakaribia kinakuja kuwaumiza.

Mkono ulionyooka ndio hasa anaoutafuta mwenye ujuzi. Anausogeza kidogo, anaingia chini yake, na mwenye mkono anakwenda hewani mzima mzima. Akifika chini anafika vibaya, maana huweka kiganja mbele ili ajizuie, na hapo ndipo viwiko na mabega huumia.

Kwa hiyo ninaposema kwamba shida ilinisaidia katika randori, yaani yale mapambano ya mazoezi ambayo wawili hujaribiana kwa kweli bila mwamuzi wala medali, sizungumzii ugumu wa moyo wala wa mwili. Nazungumzia jambo ambalo nyumba yetu ililijifunza gizani, nami nikalikuta tena miaka baadaye chini ya kifua cha mtu aliyenizidi uzito: namna ya kutumia nguvu chache zilizobaki bila kuzimwaga.

Mwezi Desemba 2009 Unguja ilizimika. Njia ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka bara hadi Fumba iliharibika, na kisiwa kikakaa bila umeme hadi Machi 2010. Haikuwa mara ya kwanza, kwani mwaka 2008 tulishakaa karibu mwezi mzima. Lakini hii ya pili ndiyo iliyotuchosha, kwa kuwa hakuna aliyeweza kusema itakwisha lini. Umeme ukikosekana mjini na maji hayapandi kwenye mabomba, hivyo watu walirudi visimani, na madumu ya njano yalipangwa foleni tangu kabla ya adhana ya alfajiri. Mahoteli makubwa yaliungurumisha majenereta usiku kucha. Mitaani kwetu tuliwasha kandili, na fundi cherehani wa jirani aliyekuwa na mashine ya umeme alikopa ya kukanyaga kwa mguu kwa shangazi yake.

Nyumba yetu ilikuwa ikila kwa friza. Mama alikuwa na friza mbili za kulala, zile ndefu zenye mfuniko wa juu. Moja ilikuwa ya barafu za ukwaju na za ubuyu alizowauzia watoto wa skuli, pamoja na mabonge ya barafu ya wavuvi. Nyingine ilikuwa ya samaki. Alfajiri alikwenda soko la samaki la Malindi, palepale mjini, kununua changu, vibua na nguru, na jioni aliuza rejareja mlangoni. Kazi hiyo ndiyo iliyolipa ada zetu na kodi ya nyumba. Kwa familia kama yetu, taarifa kwamba umeme umekatika haikuwa habari ya giza tu. Ilikuwa habari ya kwamba mtaji wote umo ndani ya sanduku linaloanza kupata joto.

Nakumbuka vizuri alivyofanya usiku ule. Hakulia, wala hakukaa na wanawake wenzake barazani kulaumu. Alitwambia sisi watoto tuhamishie kila kitu kwenye friza moja, kwa sababu friza iliyojaa hushika ubaridi muda mrefu kuliko iliyo nusu. Palipobaki nafasi akatia chupa za maji zilizokwisha kuganda. Kisha akaifunika kwa mablanketi na magunia, akafunga kamba juu yake.

"Friza isifunguliwe," alisema. "Mwenye kutaka kitu ndani aniambie mimi."

Aliifungua mara moja tu kwa siku, akiwa amekwisha kujua anachokitaka na kilipo. Mkono uliingia, ukatoka, mfuniko ukashuka. Mjomba alimwazima jenereta dogo, na petroli ilikuwa imepanda bei kwa kuwa kila mtu aliitaka. Mama hakuliwasha ovyo. Aliliwasha baada ya sala ya isha kwa saa chache, wakati joto la mchana limekwisha kupungua, ili kila lita igandishe zaidi. Taa hakuiunganisha. Redio hakuiunganisha. Sisi tuliomba tuangalie mpira hata nusu saa, akakataa bila hasira. Petroli ilikuwa ya samaki.

Mambo hayo niliyaona nikiwa kijana, na wakati ule sikuyaita mafunzo. Niliyaita ukali wa mama.

Judo nilianza baadaye, kwa kuvutwa na rafiki. Hapa kwetu mchezo huu uliletwa na Mjapani aliyeifanya Unguja kuwa kwao, na leo unafundishwa na Wazanzibari wenyewe, vijana wa mitaani waliokulia ndani yake. Miezi ya mwanzo hupita kwenye kuanguka tu: upande wa kulia, upande wa kushoto, kinyumenyume, huku mkono ukipiga tatami ili kuusambaza mshindo. Kisha siku moja sensei, yaani mwalimu, anakwambia uingie kwenye randori, na yote uliyoyajifunza yanakutoka kichwani.

Raundi ya dakika nne au tano haionekani ndefu kwa aliyekaa ukutani akitazama. Kwa aliye ndani, mgeni mwenye nguvu huwa amekwisha kumaliza kila kitu ndani ya dakika ya kwanza. Anavuta, anasukuma, anapinga kila anapovutwa, anakaza vidole vyote kumi hata wakati hakuna kinachotokea. Dakika ya pili mikono yake imejaa maumivu kuanzia kiwiko mpaka kiganja, na vidole havifungi tena. Dakika ya tatu anatupwa na mtoto wa skuli.

Sensei wangu alinisimamisha katikati ya raundi moja, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kijana, mbona unajinyima pumzi? Nani kakukataza kupumua?" Hapo ndipo nilipoiona friza ya mama. Nilikuwa naifungua na kuifunga kila sekunde, ubaridi wote unatoka, na samaki wanaharibika. Tangu siku ile nilianza kujiuliza kwa akili ya mama katikati ya randori: nimetia mkono kuchukua nini? Kama sina jibu, mkono nautoa, nguvu inabaki ndani.

Kwa vitendo maana yake ni hii. Ukosi na mkono wa nguo hushikwa kwa vidole vya mwisho zaidi, kidole cha pete na cha mwisho kabisa, huku kidole gumba na cha shahada vikiwa vimelegea, kwa sababu ukikaza hivi viwili, mkono mzima hukakamaa mpaka bega. Pumzi hutolewa kila unaposhambulia na kila unaposhambuliwa. Mtu akikuvuta hatua moja, nenda hatua hiyo moja ukiwa umesimama wima, usiipinge. Ipinge ile inayokupeleka kubaya tu. Shambulizi moja ulilolinuia lina thamani kuliko sita za kumtikisa mtu bila lengo. Mambo haya husemwa katika kila dojo. Kuyatenda ukiwa umechoka na unaogopa ndiyo kazi, na hapo mtu aliyewahi kuishi kwa kupima lita ya petroli huwa na mahali pa kuanzia.

Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, aliifanya kanuni hii kuwa mhimili wa mchezo wote: kuitumia nguvu kwa njia iliyo bora kabisa. Ukiyatazama maisha yake utaona ilitoka wapi. Alizaliwa mwaka 1860, akawa mtoto mwembamba na mfupi aliyeonewa na wenzake skuli, na hiyo ndiyo sababu alitafuta kujifunza jujutsu, mapigano ya kale ya Kijapani. Alipokuwa mwanafunzi kulikuwa na mwenzake mkubwa wa mwili ambaye hakuweza kumwangusha kwa lolote alilofundishwa. Angeweza kurudi kila siku kusukumana naye kwa ukaidi. Badala yake alikwenda kuchunguza mbinu za sumo, kisha za mieleka ya Ulaya, mpaka akapata namna ya kuingia chini na kumbeba mtu mabegani, mbinu ambayo leo tunaiita kata-guruma. Kwa mbinu hiyo akamwangusha. Mwaka 1882 akafungua Kodokan, skuli yake ya judo, katika vyumba vya hekalu moja mjini Tokyo, na wanafunzi wachache tu.

Ninaipenda habari hiyo kwa sababu haina miujiza. Mtu mdogo alikwama, akaenda kutafuta njia nyingine, akarudi nayo.

Lakini mahali ambapo shida na randori hukutana kwa karibu kabisa ni chini, unapobanwa. Kwa sheria za mashindano, mtu akikulaza chali na kukudhibiti kwa sekunde 20, pambano limekwisha. Sekunde 10 humpa alama ya waza-ari, yaani nusu ya ushindi. Mazoezini hatuhesabu kila mara, ila mwili unajua. Chukua ule mbano wa kesa-gatame: mwenzako amekaa ubavuni kwako, mkono wake umezunguka shingo yako, mkono wako mmoja ameukumbatia kwapani, na uzito wake wote uko juu ya mbavu zako. Kama ana kilo 100, kifua chako hakipandi. Unavuta hewa, hewa haiingii. Kitambaa kizito cha judogi yake, kilicholowa jasho, kiko juu ya mdomo wako. Na kitu cha kwanza ambacho kila mwili unataka kukifanya ni kumsukuma uso na kutupa miguu hewani.

Hiyo ndiyo hofu, na haina aibu. Ila inakula sekunde zote 20 na haikupi hata inchi moja.

Kinachosaidia ni kazi ndogondogo zinazofuatana. Kwanza pumzi fupi kupitia puani, za kutosha tu, bila kutafuta ile kubwa isiyopatikana. Kisha kuugeuza mwili ulale ubavu, hata kidogo, maana aliyelala chali kabisa hana silaha. Kisha kiwiko cha mkono uliokumbatiwa kirudishwe taratibu kuelekea sakafuni. Kisha nyonga zisogee mbali, tena, na tena, mpaka ipatikane nafasi ya goti. Ukifaulu kuunasa mguu wake mmoja katikati ya miguu yako, mbano umevunjika na hesabu inasimama. Hakuna hata hatua moja kati ya hizo inayoonekana ya kishujaa. Mtazamaji atadhani mtu wa chini hafanyi chochote.

Wakati wa giza, walioteseka zaidi mtaani kwetu ni wale walioishi kwa kungojea tarehe. Uvumi ulikuja kila wiki: mafundi wamefika, kifaa kiko njiani, umeme utawaka Ijumaa. Ijumaa ikaja na ikapita, na watu wakaanguka upya kana kwamba umeme umekatika siku ile. Mama hakuwahi kuuliza utarudi lini. Aliuliza kipi lazima kifanyike kabla ya magharibi. Kujaza madumu. Kutafuta mkaa. Kumlipa muuza petroli nusu na kumwomba asubiri nusu. Nikiwa chini ya mtu mzito, siulizi nitatoka lini. Nauliza kiwiko changu kiko wapi. Nimejaribu njia nyingine nyingi za kujituliza na hakuna iliyonifaa kama hiyo.

Kuna sehemu ya pili ya habari ya samaki, na hii watu wengi waliozoea shida huikataa. Baada ya muda mama alifanya hesabu akaona petroli inamla kuliko samaki wanavyomlipa. Angeweza kushikilia kwa heshima ya jina lake, maana alijulikana mtaa mzima. Aliiacha. Samaki waliobaki wazuri aliwauza siku ileile kwa bei ya chini, wengine akawagawia majirani kabla hawajanuka, na friza akaizima kabisa. Kesho yake alinunua chumvi. Tukawa tunapasua samaki, tunawatia chumvi na kuwaanika juu ya bati: ng'onda, kama walivyofanya bibi zake kabla ya umeme kufika. Wateja wake wa zamani walikuja tena, kwa sababu sasa kila nyumba ilihitaji kitoweo kisichoharibika.

Kwenye judo, kugonga ni kule kupiga mkono kwenye tatami au mwilini mwa mwenzako mara mbili kumwambia aachie. Shingo ikinyongwa sawasawa au kiwiko kikishanyooshwa mpaka mwisho, hakuna cha kusubiri. Unagonga, mnaachana, mnashikana mikono, mnaanza upya. Nimewaona wanaume waliopitia makubwa wakikataa kugonga kwa sababu wamejiapiza kwamba hawatashindwa tena na kitu chochote maishani. Mmoja wao alikaa miezi mingi na kiwiko kisichokunjuka, akiwa mtazamaji. Aliyegonga aliendelea na raundi sita jioni ileile, na zile raundi sita ndizo zinazomfundisha mtu. Nawaambia wageni waziwazi: gonga mapema, hasa wewe uliyezoea kuvumilia. Uvumilivu wako unajulikana, hauhitaji ushahidi wa kiwiko.

Na ile kwenda kwenye ng'onda nayo ina jina lake la mazoezini. Unamshambulia mtu kwa kumfagia mguu kwa ndani, anakupinga kwa kukuegemea mbele. Wengi huongeza nguvu kwenye shambulizi lilelile. Lakini ameshakupa uzito wake. Geuka, uchukue mgongoni, na unaweza kumpitisha begani kwa seoi-nage. Upinzani wake umekuonyesha upande wa kwenda. Ili uone hivyo, lazima uwe umekubali moyoni kwamba shambulizi la kwanza limekufa. Mwenye kulilia lile la kwanza hachelewi kutupwa.

Mfano mkubwa wa haya kwangu ni Mjapani Yamashita Yasuhiro katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Alikuwa hajafungwa kwa miaka, na kila mtu alijua dhahabu ni yake. Katika pambano la pili msuli wa shavu la mguu wake wa kulia ukachanika. Alicheza nusu fainali akichechemea, akaangushwa kwa alama ndogo na Mfaransa, na bado akashinda. Fainali alikutana na Mohamed Rashwan wa Misri, mtu mzima wa nguvu. Shambulizi la Rashwan lilipokosa shabaha, Yamashita aliliendeleza hadi chini, na huko chini, ambako mguu mbovu haukuwa na kazi kubwa, akambana mpaka muda wa mbano ukatimia. Watu husimulia habari hii kama habari ya moyo wa chuma. Mimi naiona habari ya mtu aliyejua ni kiungo gani amekipoteza na ni mahali gani kiungo hicho hakihitajiki, akalihamishia pambano huko. Kuhusu Rashwan, imesimuliwa sana kwamba alikataa kuulenga mguu ule. Waliotazama picha za pambano wamebishana juu ya hilo. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba wakati wa medali alimpa Yamashita mkono wa kumsaidia kupanda jukwaani.

Sasa niseme jambo linaloniuma. Kwa kuwa shida inaweza kumfundisha mtu, wapo wanaoamini kwamba mwalimu mzuri ni anayeileta shida. Wanawaacha watoto watupwe mpaka walie, wanawanyima maji, wanasema hivyo ndivyo chuma kinavyotengenezwa. Nalikataa wazo hili kwa nguvu zangu zote. Popole Misenga alizaliwa Bukavu mwaka 1992. Vita vya Congo vilimtenga na familia yake akiwa mtoto mdogo, akakutwa msituni baada ya siku kadhaa peke yake, akapelekwa Kinshasa, na huko, katika kituo cha watoto waliopotezana na wazazi, akaanza judo. Yeye na mwenzake Yolande Bukasa Mabika wamesimulia kwamba walipopoteza pambano walifungiwa kizuizini na kunyimwa chakula cha maana. Mwaka 2013 walipelekwa Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia, na hawakurudi.

Huko Brazili waliishia mikononi mwa kocha Geraldo Bernardes, na jambo la kwanza lililoonekana ni kwamba walipigana mazoezini kana kwamba randori ni vita, wakiwatupa wenzao kwa ukatili, kwa sababu kwao kushindwa kulikuwa na adhabu. Ilibidi wajifunze upya kwamba mwenzako wa mazoezi si adui. Mwaka 2016 wote wawili waliingia Olimpiki ya Rio katika timu ya wakimbizi ya wanamichezo 10, ya kwanza kabisa katika historia. Popole alimshinda Avtar Singh wa India, kisha akapoteza kwa Gwak Dong-han wa Korea Kusini, aliyekuwa bingwa wa dunia, na ukumbi mzima ulimshangilia. Nikilisoma jina la Bukavu, mji wa watu wanaozungumza lugha hii ninayoiandika, hujiuliza angefika wapi kama tangu utotoni kupoteza pambano kungekuwa ni kupoteza pambano tu.

Hata Japani yenyewe imelipa kwa wazo hilo. Watafiti wa huko walihesabu vifo zaidi ya 100 vya wanafunzi katika judo ya skuli kuanzia mwaka 1983 kwa muda wa karibu miongo mitatu, vingi kwa majeraha ya kichwa, na hesabu hiyo ilipotoka hadharani ndipo usalama wa mafunzo ulipoanza kusimamiwa kwa ukali zaidi. Watoto waliotupwa wakiwa bado hawajui kuanguka hawakujifunza uvumilivu. Mwalimu yeyote anayesoma hapa na azingatie hilo kabla hajamwacha mgeni wa mwezi mmoja mbele ya mtu wa mkanda mweusi aliyepandwa na hasira.

Giza la Unguja halikutufundisha kwa sababu lilikuwa zuri. Wapo waliofilisika wasirudi tena, na sitaki mtu awaambie kwamba walipewa somo. Kilichotusaidia ni kwamba mama alikuwa na mjomba wa kumwazima jenereta, majirani wenye kisima waliotuachia tuteke, na muuza petroli aliyekubali nusu. Randori nayo ni hivyohivyo. Mwenzako anakuazima mwili wake. Anakutupa kwa kiasi unachoweza kuanguka, anaachia unapogonga, na wewe unamfanyia hivyo. Bila makubaliano hayo hakuna mazoezi, kuna ugomvi.

Siku hizi, anapokuja mtu mzima ambaye nauona mwili wake umekakamaa, siombi asimulie aliyoyapitia. Namwomba sensei niwe naye chini kwanza, kabla ya mambo ya kusimama, kwa kuwa chini hakuna urefu wa kuanguka. Ukitaka kujaribu na unaye mwenzako mnayeaminiana, fanyeni hivi. Alale chali, umbane kwa kesa-gatame kwa nusu ya uzito wako. Mwambie asijaribu kutoka. Apumue tu puani mpaka uso ulegee. Halafu ageuke ubavu kidogo, arudishe kiwiko, asogeze nyonga mara moja, apumzike hapohapo chini yako, asogeze tena. Akifika kwenye mguu wako, aunase, mwachie, mrudi mwanzo. Dakika tatu, kisha mbadilishane. Wiki ya kwanza nusu ya uzito, wiki ya pili robo tatu. Uzito wote mpe atakapouomba mwenyewe, na akigonga hata bila sababu unayoiona, inuka mara moja.